Marobota manne ya kilo bilioni 250: lugha dainamiki katika mifumo ya huduma

Robota moja la mkonge lina kilo 250. Manne ni tani moja, hesabu ambayo karani yeyote wa ghala hapa Tanga anaipiga kichwani. Sasa mfumo wa mizani utume uzito huo ndani ya alama za nukuu, "250", kisha huduma ya malipo iliyoandikwa kwa Python izidishe kwa 4: jibu ni "250250250250". Python hailalamiki. Imeambiwa irudie maandishi mara nne, imerudia. JavaScript nayo ina vituko vyake: "250" mara 4 inatoa 1000 sawasawa, lakini "250" kujumlisha 250 inatoa "250250".

Hizo, pamoja na Ruby na PHP, ndizo lugha dainamiki. Aina ya data hujulikana programu ikiwa inaendeshwa, si kabla. Kompaila ya Java, yaani programu inayotafsiri na kukagua msimbo kabla haujaendeshwa, hukukatalia mapema, ndiyo maana wakuu wengi wa TEHAMA huiamini zaidi kwa mifumo ya kampuni. Wana haki, ila nusu tu. Mfumo ukishagawanywa kuwa huduma za usajili wa wakulima, mizani, ghala na malipo, huduma hizo huongea kwa JSON, mpangilio wa data ulioandikwa kama maandishi, kupitia mtandao, na kompaila haioni kilichoko upande wa pili wa waya. Ukaguzi ni wa mlangoni, huduma iwe ya Java au ya Python.

Kwa hiyo kila huduma iwe na mkataba wa data ulioandikwa: uzito ni namba iliyozidi 0, tarehe ina mpangilio mmoja, sehemu fulani ni za lazima. Ombi likipiga hodi bila kutimiza hayo, lirudishwe kwa msimbo wa kosa 400, yaani ombi lina kasoro, likitaja sehemu yenye kosa, kabla halijagusa hifadhidata. Wanaotumia Pydantic, maktaba ya Python ya kukagua data, waangalie: kwa kawaida yake hugeuza "250" kuwa 250 kimyakimya. Ikitakiwa ikatae, iwashiwe hali kali (strict mode). Na vidokezo vya aina (type hints), maelezo ya aina ya data ndani ya msimbo, vilivyoingia Python 3.5 mwaka 2015 havizuii chochote programu inapoendeshwa. Vinakaguliwa na zana ya pembeni kama mypy.

Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, inastahili kutajwa peke yake. Ina tarakimu 20, na JavaScript huhesabu namba kamili kwa uhakika hadi 9007199254740991 tu, tarakimu 16. Ikipitishwa kama namba, angalau tarakimu 3 za mwisho hugeuka sufuri, na mkulima anakuwa mtu mwingine kwenye orodha ya malipo. Hata long, aina ya namba kamili kubwa ya Java, inaishia tarakimu 19. Dawa ni kuituma kama maandishi. Namba ya simu vilevile, maana sufuri ya mwanzo hupotea.

Kosa jingine halihusu aina za data, na ndilo linalozimisha mifumo mchana kweupe. Maktaba ya requests ya Python, ya kutuma maombi kwa huduma nyingine, haina ukomo wa kusubiri usipouweka mwenyewe. Mwongozo wa Gunicorn, seva inayoendesha huduma za Python, unashauri vibarua (workers, michakato inayohudumia maombi) mara mbili ya kori za prosesa, kisha uongeze mmoja, hivyo seva ya kori 4 ina vibarua 9. Huduma ya benki ikikwama, maombi 9 yanatosha kuwashika wote. Prosesa imetulia, kumbukumbu ipo tele, na bado mfumo haujibu. Baada ya sekunde 30 Gunicorn humuua kibarua aliyekwama na kuweka mwingine, naye anakwama palepale. Andika timeout=(3, 10): sekunde 3 za kuunganisha, 10 za kungoja jibu.

Ila ukomo ukifika hujui kama pesa ilitoka au haikutoka. Kabla ya kuruhusu ombi la malipo lirudiwe, lipe namba ya kipekee tangu mwanzo. Huduma ya malipo ikiiona namba ileile mara ya pili, irudishe jibu la awali bila kulipa tena.