Igizo la Mtaani Si Hotuba Iliyovishwa Khanga

Ilikuwa siku ya gulio, saa tano asubuhi, na wanafunzi wangu walikuwa wameshapiga ngoma ya kutosha kukusanya nyomi. Igizo lao lilimhusu binti wa kidato cha pili aliyepewa mimba na kijana wa bodaboda. Kundi lilikuwa na wasichana wengi na wavulana wawili tu, kwa hiyo aliyecheza bodaboda alivua helmeti, akavaa kanzu na baraghashia, akarudi onyesho la tatu akiwa baba mzazi wa binti. Baba akafoka, binti akalia, shangazi akawageukia watazamaji na kuhitimisha: "Mabinti, jihadharini!" Makofi yakapigwa. Ndipo mama mmoja muuza mchicha akauliza kwa sauti, "Sasa huyo baba mbona ndiye yule yule bodaboda?"

Watu wakaangua kicheko. Wanafunzi nao wakacheka, wakaanza kueleza kwamba waigizaji ni wachache. Mama hakucheka. "Mimi nauliza tu," akasema. "Maana hayo nayo yapo."

Kicheko kikakatika.

Nimefundisha sanaa za maonyesho kwa miaka mingi, na kila ninapowaandaa wanafunzi kwenda mtaani huanza na kisa hicho. Katika dakika kumi na tano za kuigiza hatukuwa tumesema lolote ambalo soko lile halijawahi kulisikia. Kilichowagusa watu ni swali lililozuka kwa sababu ya upungufu wetu wa wavulana. Tena swali hilo lilipofika, hatukuwa tumejiandaa kulipokea.

Tabia yetu ya kumaliza kila igizo kwa mahubiri haikuanza jana. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mathias Mnyampala aliutumia ushairi wa kujibizana, yaani ngonjera, kueleza siasa ya Ujamaa, na shule zikaupokea kwa mikono miwili. Mtoto mmoja anasimama upande wa ujinga, mwenzake upande wa elimu, na kabla ya ubeti wa mwisho yule mjinga ameshakubali. Kulikuwa na ufundi wa kweli wa lugha mle ndani. Lakini sote tunajua mtu anamaanisha nini leo akikwambia "acha ngonjera zako". Neno limechoka kwa sababu mshindi alikuwa akijulikana tangu mwanzo. Igizo linaloishia kwa shangazi mwenye mawaidha ni ngonjera ile ile, ila imevuliwa vina.

Neno maadili nalo lina mtego wake. Litamke mbele ya watu wazima, na wengi watasikia urefu wa sketi, mitindo ya nywele na simu. Matokeo yake igizo la maadili hugeuka kesi ambayo kijana ni mshtakiwa na mzee ni hakimu. Mtaa haudanganyiki. Unamjua mzee anayemtuma mtoto pombe saa nne usiku, unamjua na kiongozi ambaye barua ya utambulisho haitoki kwake bila "chai". Wanafunzi wakija na igizo ambalo wakosaji wote wana umri wa miaka 16, watu watapiga makofi kwa adabu, kisha wataendelea kuchagua nyanya.

Njia nyingine ipo, na nchini kwetu ina zaidi ya miaka 40. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba. Hawakwenda na mchezo uliokwisha andikwa. Walikaa na watu kwanza, wakasikiliza wanalalamikia nini: utoro shuleni, mimba za wanafunzi, vijana wasiojishughulisha. Kisha wanakijiji, hasa vijana, wakayaweka hayo katika ngoma, nyimbo na maigizo ya kwao, wakayaonyesha mbele ya wenzao, wakajadiliana.

Mwaka 1996 chuo hicho hicho kikaanzisha Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana hubaini kinachowazuia kusoma, huchunguza kinatokana na nini, hutunga igizo, na huliigiza mbele ya walimu, wazazi na viongozi. Baada ya hapo hufuata mazungumzo, na watu huafikiana nani atafanya nini. Baadaye Jukwaa la Waelimishaji Wanawake wa Afrika, FAWE, liliupeleka mpango huu katika nchi nyingine za bara letu. Lisome jina lenyewe kwa makini. Halikuitwa "Tuwaambie".

Kuna kisa cha Augusto Boal, mwanasanaa wa Brazil, ambacho wanafunzi hunidai nikirudie. Mwaka 1973 alikuwa Peru katika mpango wa kufuta ujinga wa kusoma. Mama mmoja asiyejua kusoma alikuwa amepewa na mumewe makaratasi ayatunze, akiambiwa ni ya nyumba wanayojenga. Jirani alipomsomea, kumbe ni barua za hawara. Kundi la Boal likaigiza mkasa huo, watazamaji wakatoa mapendekezo ya nini mke afanye. Mama mwingine, mnene na mwenye nguvu, akasema mke azungumze na mumewe wazi wazi. Mwigizaji akajaribu; mama akakataa, si hivyo. Akajaribu tena, mama akazidi kukasirika. Mwishowe Boal akamwambia aje aonyeshe mwenyewe. Akapanda, akashika ufagio, akamtandika "mume" huku akimpasha ukweli wake, halafu akamwamuru akamletee chakula kutoka jikoni. Boal alisema ni siku ile alipoelewa kwamba mtazamaji akipewa nafasi ya kuingia mchezoni, huonyesha kitu ambacho mwigizaji asingeweza kukikisia.

Kwa hiyo siku hizi nawaambia wanafunzi wakate igizo pale panapouma. Binti ameshika begi mlangoni, baba ameinua mkono, basi, simama. Mwezeshaji anaingia katikati ya duara na kuuliza: hapa nani angeweza kufanya jambo jingine? Mtu akisema "mama yake angeongea", anakaribishwa achukue nafasi ya mama. Njia nyingine ni kiti moto (hapana, si kile cha kuchoma): mhusika anakaa mbele, hatoki katika uhusika, na watu wanamhoji. Mvulana aliyecheza bodaboda aliwahi kuhojiwa na akina mama kwa dakika ishirini. Alitoka pale jasho linamtiririka, na nadhani alijifunza kuliko mtu yeyote sokoni siku ile.

Uhuru huo hauondoi wajibu wa kusema kweli. Bado naletewa miswada ambamo mkuu wa shule anamfukuza binti mjamzito na igizo linaishia hapo, kana kwamba ndiyo sheria. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya mimba kurudi masomoni katika mfumo rasmi. Mzazi aliyetazama igizo lile la zamani anaweza kumwozesha bintiye kwa kuamini mlango umefungwa. Vile vile, tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Ni ajabu ni maigizo mangapi humsahau mtu huyo baada ya onyesho la pili.

Na msichukue mkasa wa jirani. Mtaani, ukibadilisha jina ukaacha kila kitu kingine, umemtangaza mtu. Unganisheni visa kadhaa, hamisheni kazi za wahusika, idadi ya watoto, mahali.

Mengine ni ya ufundi na hayahitaji maneno mengi. Mtaarifuni mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kituo cha polisi mapema. Jua liwe mgongoni mwa watazamaji. Duara likae mbali na barabara, maana watoto hurudi nyuma bila kutazama. Sentensi ziwe fupi, kwa sababu daladala itapiga honi katikati ya ile nzuri kuliko zote.

Nirudi kwa mama wa mchicha. Baada ya kauli yake, wanawake wawili walitufuata pembeni tulipokuwa tukifunga ngoma. Walitaka kujua mtu aende wapi ikiwa jambo kama lile linatokea ndani ya nyumba. Wanafunzi wakanitazama mimi, nami nikaanza kutafuta kwenye simu. Sasa hatuondoki bila majibu: Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ofisi ya ustawi wa jamii, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haitozwi.

Mwezi uliofuata tulirudi kwenye gulio lile na wavulana watatu, na afisa ustawi wa jamii akakaa kwenye benchi kati ya watazamaji. Mama wa mchicha alikuwa amehamia upande wa pili wa soko, karibu na wauza dagaa. Tukalihamishia duara huko.