Mlipuko si hali ya hatari

Kipindupindu kikiingia mwaloni, wanakoshushia samaki, habari husafiri Mwanza nzima kwa sentensi ile ile: "Serikali imetangaza hali ya hatari." Utaisikia kwenye daladala za Igoma, kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, kwa mtangazaji wa redio, na mara nyingine kwa kiongozi wa kata anayetaka watu wamsikilize. Ukichunguza unakuta afisa afya amezuia kuuza matunda yaliyokatwa na vyakula vya wazi, basi. Rais hajatangaza kitu.

Maana zenyewe ni fupi. Mlipuko ni ugonjwa kuzidi kiwango kilichozoeleka mahali fulani kwa muda fulani; kwa ugonjwa kama Marburg, jamaa ya Ebola, mgonjwa mmoja aliyethibitishwa na maabara anatosha. Dharura ya afya ya umma ni mlipuko, au tukio jingine kama sumu, lililo kubwa kiasi cha kuhitaji hatua zisizo za kila siku. Hali ya hatari ni tangazo la Rais chini ya Ibara ya 32 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Mawili ya kwanza huanzia kwa madaktari na maabara. La tatu liko kwa Rais na Bunge, na mkuu wa wilaya hawezi kulitoa hata akiwa na hasira kiasi gani.

Mkanganyiko una chanzo. Katiba inasema "hali ya hatari", lakini magazeti, yakitafsiri habari za nje, yamezoea "hali ya dharura" kwa maana hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani nalo lina dharura yake, inayotangazwa na Mkurugenzi Mkuu wake chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005. Ya Korona ilitangazwa 30 Januari 2020 ikaondolewa 5 Mei 2023. Dharura hiyo haifungi mlango wa mtu: kinachotoka Geneva, makao makuu ya Shirika, ni mapendekezo ya muda, nayo hukoma yenyewe baada ya miezi mitatu yasipoongezwa. Msomaji wa Nansio, kisiwani Ukerewe, anayesikia "dharura imetangazwa" hana namna ya kujua ni ipi kati ya hizo, na mwandishi mara nyingi naye hajui.

Ibara ya 32 inataja sababu: vita, hatari ya kuvamiwa, kuvurugika kwa amani, na pia tukio la hatari, balaa au baa ya kimazingira linalotishia jamii au sehemu yake. Kwa hiyo anayesema kwamba ugonjwa unaweza kufikisha nchi huko hajakosea. Anakosea anapodhani hufika huko wenyewe. Rais akitangaza, nakala hupelekwa kwa Spika, na Bunge huitwa ndani ya siku 14 kuamua kama linaunga mkono, kwa kura zisizopungua theluthi mbili ya wabunge wote. Siku 14 zikipita bila azimio, tangazo linakufa. Likipita, linadumu miezi sita, na kila nyongeza ya miezi sita inahitaji theluthi mbili tena. Anayekwambia wilaya yake iko katika hali ya hatari, muulize Bunge linakutana lini.

Mwaka 2020 ulionyesha tofauti hiyo kwa ukubwa wake. Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona 16 Machi, na kesho yake shule zikaanza kufungwa. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kwa sheria yake ya utulivu wa umma, Uganda ikafunga usafiri na biashara kwa amri zilizotolewa chini ya sheria ya afya ya umma. Nchi zote tatu zinazolizunguka Ziwa Victoria zilichukua hatua, tena zisizofanana kabisa, na hakuna hata moja iliyotangaza hali ya hatari ya kikatiba. Hatua zote zile zilitoka kwenye sheria za kawaida.

Sasa kuna jambo linalokera zaidi ya neno lenyewe. Watu wakishaamini kwamba hali ya hatari ipo, huamini pia kwamba haki zimesimama, na ya kwanza kusimama ni ya waandishi. Afisa anamwambia mwandishi "huu si wakati wa uhuru wa habari", naye anafunga daftari. Hata kama Rais angekuwa ametangaza kweli, jibu hilo lisingekuwa sahihi. Ibara ya 31 inaruhusu sheria ya Bunge, wakati wa hali ya hatari, kukiuka masharti ya ibara mbili tu: ya 14, haki ya kuwa hai, na ya 15, uhuru wa mtu binafsi, tena kwa mipaka. Ibara ya 18, ya uhuru wa maoni na habari, haimo. Na ndani ya Ibara ya 18 kuna kipengele cha (d) kinachompa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Wakati wote. Sijui ni tukio gani lililo muhimu kwa maisha kuliko maji ya kunywa yenye vimelea vya kipindupindu.

Hii haina maana kwamba Ibara ya 18 haina mipaka. Mipaka yake iko Ibara ya 30, ambako afya ya jamii imetajwa wazi, pamoja na haki za watu wengine. Jina la mgonjwa, picha yake akiwa kitandani, nyumba anayoishi: hayo mwandishi anaweza kukatazwa, na ni sawa. Ila si kila katazo linaloitwa la afya ni halali. Katika shauri la Kukutia Ole Pumbun la mwaka 1993, Mahakama ya Rufani ilisema sheria inayobana haki lazima isiwe ya kiholela, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya, na isibane kuliko inavyohitajika kufikia lengo lake. Kanuni za Siracusa za 1984, zinazotumika kutafsiri mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa ambao Tanzania iliridhia 1976, zinasema hatua ya kiafya lazima ilenge mahsusi kuzuia ugonjwa au kutoa huduma. Kuficha idadi ya wagonjwa hakumzuii mtu yeyote kuambukizwa.

Kibano halisi, basi, kiko kwenye sheria za kila siku, na kusema "hali ya hatari" kunakificha. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2020, zilivyotoka, ziliweka kwenye orodha ya maudhui yasiyoruhusiwa habari za mlipuko wa ugonjwa hatari au wa kuambukiza, nchini au kwingineko, bila idhini ya mamlaka husika. Hiyo ilikuwa kanuni ya waziri, ya siku ya jua na siku ya mvua. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa au wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48, kwa masharti ambayo mara nyingi husahaulika: kuwe na kosa au hatari ya kuvuruga amani, na sababu ziandikwe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 nayo inampa mtunza taarifa hadi siku 30 kujibu ombi. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima ndani ya saa chache asipopata maji ya chumvichumvi. Siku 30 zinaweza kuwa mlipuko mzima, mwanzo hadi mwisho.

Hofu ya viongozi ina historia kwenye ziwa hili, na si haki kuipuuza. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa sababu ya kipindupindu, na zuio likakaa hadi katikati ya 1998. Sangara wa viwanda vya Mwanza walikosa soko ingawa hatari ya kueneza kipindupindu kwa samaki wa kusafirishwa ilikuwa ndogo. Mtu aliyepitia hayo akisita kutamka jina la ugonjwa, anaeleweka. Tatizo ni kwamba mfumo wa sasa haumsubiri atamke. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 nchi hujiuliza maswali manne kuhusu tukio: je, athari ni kubwa, je, si la kawaida, je, linaweza kuvuka mpaka, je, linaweza kuleta vizuizi vya safari au biashara? Mawili yakijibiwa ndiyo, taarifa inatakiwa ifike kwa Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24. Na Shirika linaruhusiwa kupokea habari kutoka vyanzo vingine, vyombo vya habari vikiwemo, kisha kuitaka nchi ithibitishe.

Kagera imeonja njia zote mbili. Machi 2023 Wizara ya Afya yenyewe ilitangaza Marburg wilayani Bukoba, na 2 Juni ikatangazwa kwisha: wagonjwa tisa, waliokufa sita. Januari 2025 mpangilio uligeuka. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilisema linashuku Marburg Kagera, Wizara ikajibu kwamba sampuli hazikuonyesha ugonjwa, na tarehe 20 Rais akathibitisha akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika hilo mjini Dodoma. Siku hizo sita msafiri wa Bukoba alibaki kuchagua amwamini nani.

Neno jingine linalobebwa vibaya katika safari hiyo hiyo ni karantini. Mgonjwa hutengwa, anayewekwa karantini ni mzima aliyekutana na mgonjwa. Muda unafuata ugonjwa: kwa Marburg ni siku 21, kwa sababu dalili huweza kuchelewa hadi hapo, na mlipuko hutangazwa kwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Kipindupindu hujitokeza kati ya saa chache na siku tano, na kuwafungia ndani wazima hakusaidii. Kinachosaidia ni klorini, choo na maji salama. Amri ya siku 21 kwa ajili ya kipindupindu inatosha kumfanya mwandishi aulize imetoka wapi.

Hivyo mwalo wa Kirumba ukifungwa, au mikusanyiko ikizuiwa Ukerewe, habari iandikwe kwa kilichotokea. Nani ametia saini, kwa sheria ipi na kifungu kipi, eneo ni lipi hasa, hadi tarehe gani, adhabu ni nini, na anayepinga aende wapi. Wagonjwa wangapi wanashukiwa, wangapi wamethibitishwa, na maabara gani imepima. Hizo ni hesabu tofauti na hazijumlishwi. Pasipo na jibu, andika kwamba uliuliza na hukujibiwa. Kama kilichotoka ni katazo la afisa afya, liite katazo la afisa afya. Kama ni tangazo la Waziri kwamba kuna mlipuko, liite tangazo la mlipuko. "Hali ya hatari" iachiwe Ibara ya 32.