Kabla Bibi Hajalala, Muulize Dawa Zake Ziko Wapi

Kwenye dirisha la kutolea dawa, nikishamweleza mgonjwa atameza vidonge vingapi na saa ngapi, huwa nina swali moja la mwisho: "Na nyumbani unaziweka wapi?" Majibu ninayopata karibu yote yanafanana. Juu ya kabati. Chini ya mto. Kwenye mfuko uliotundikwa msumarini nyuma ya mlango. Kina bibi wanaokuja kliniki kutoka Mpwapwa, Kongwa au Bahi wengine hawanijibu kwa maneno. Hunifungulia pindo la kanga, na humo naona vidonge vimefungwa fundo moja na nauli ya kurudia. Nikiuliza kama nyumba waliyofikia hapa mjini ina mtoto mdogo, huchangamka na kunitajia jina la mjukuu.

Hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Wazazi wengi wa Dodoma wanajua kwamba dawa za nyumbani zikae mbali na watoto, na wanajitahidi. Lakini huu ni mji wa kufikia. Ndugu wanakuja kutibiwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Benjamin Mkapa au Mirembe, wanakaa kwa watoto wao Nkuhungu, Chang'ombe au Kizota wiki mbili, pengine mwezi, wakisubiri tarehe ya kumwona tena daktari. Nyumba yenyewe ni chumba na sebule. Bibi analala na wajukuu, na mkoba wake uko sakafuni, pembeni ya godoro. Dawa za mwenye nyumba zimewekwa juu, za mgeni zimebaki chini, palepale mtoto anapotambaa.

Na dawa za wazee ndizo zinazonitisha kuliko zote. Chukua glibenklamaidi, kidonge cha sukari ambacho bibi wengi wanakijua kwa rangi yake kuliko kwa jina. Kidonge kimoja cha miligramu 5 kinaweza kushusha sukari ya mtoto wa miaka miwili hadi akapoteza fahamu. Ubaya wake ni kwamba huenda dalili zisionekane mapema. Mtoto anaweza kumeza asubuhi, akacheza mchana kutwa, kisha usiku akalegea, akatoka jasho, akashikwa na degedege. Kufikia saa hizo hakuna anayekumbuka mkoba. Wote wanadhani ni malaria, na wapo watakaodhani mtoto ametupiwa kitu. Dawa za presha kama nifedipini na amlodipini nazo ni hivyohivyo: kiasi kidogo kinachomtuliza mtu mzima kinaweza kuuangusha moyo wa mtoto. Amitriptilini, ambayo wazee hupewa kwa maumivu ya mishipa au kwa kukosa usingizi, nayo naiweka kwenye kundi hilo.

Sitaki mtu adhani kosa ni la wageni peke yao. Nyumba karibu zote zina parasetamoli. Mtoto wa kilo 10 kipimo chake ni miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja. Akimeza miligramu 1,500, yaani vidonge vitatu tu vya mtu mzima, anapaswa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Ile dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, chupa yake ya mililita 100 ina miligramu 2,400, na ni tamu. Mtoto anaweza kuimaliza kwa raha zake. Siku ya kwanza huenda asionyeshe chochote zaidi ya kutapika kidogo; ini huanza kuonyesha madhara siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kuizuia sumu hiyo ipo, inaitwa asetilisisteini, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kutolewa ndani ya saa 8 tangu mtoto ameze. Familia inayokaa kusubiri "tuone kama atabadilika" inayapoteza masaa hayo.

Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki vina hatari ambayo akina mama wengi hawajawahi kuelezwa. Kidonge kimoja huwa na takribani miligramu 60 za madini ya chuma, na mama huondoka na vya mwezi mzima. Mtoto wa kilo 10 akimeza kumi, hicho ni kiasi kinachoweza kuua. Vingi ni vyekundu na vinang'aa kama pipi. Anayevimeza hutapika na kuharisha, wakati mwingine na damu, kisha hutulia kwa saa kadhaa hadi watu wakamshukuru Mungu kwamba amepona, halafu hali hugeuka vibaya. Mama mjamzito mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu nyumbani ndiye ninayemshika mkono na kumweleza haya polepole, hata kama foleni ni ndefu.

Kuna jambo la vifungashio pia. Dawa nyingi tunazowapa wagonjwa huingia kwenye kifuko cha plastiki au bahasha ndogo iliyoandikwa 1x3. Kifuko hicho mtoto wa mwaka mmoja anakifungua kwa meno. Marekani walitunga sheria mwaka 1970 ya kulazimisha dawa nyingi ziwe na vifuniko vigumu kwa watoto, na ilisaidia. Hata hivyo kifuniko hicho hukubaliwa kama angalau watoto 80 katika kila 100 wameshindwa kukifungua kwa dakika 10. Maana yake wengine, hadi 20, wanaweza kukifungua. Kwa hiyo hata ukinunua chupa yenye kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha, ihesabu kama kitu cha kumchelewesha mtoto tu.

"Juu ya kabati" nako hakutoshi. Mtoto wa miaka mitatu anapindua ndoo, anapanda kigoda, kutoka kigodani anafika mezani. Isitoshe, kwa hapa kwetu joto lenyewe huzishusha dawa. Oktoba na Novemba, nyumba ya bati isiyo na dari huwaka juu kama jiko, na pakiti imeandikwa dawa ikae chini ya nyuzi 30. Mama mwenye akili anazitoa juu ya kabati anaziweka chini karibu na mtungi, ambako kuna ubaridi. Amezilinda na joto, amezisogeza kwa mtoto. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu sisi ndio tulimwambia ziepushwe na joto na hatukumalizia maelezo.

Ninachopendekeza ni kisanduku chenye kufuli. Tranka dogo la shule linafaa, hata boksi la plastiki gumu lililotobolewa matundu mawili likatiwa kufuli. Kiwekwe kwenye rafu ya ukuta wa ndani usiopigwa na jua, mbali na jiko, kwa urefu wa kichwa cha mtu mzima, palipo na ubaridi kuliko kule chini ya bati. Funguo ikae kwa mtu mmoja anayejulikana. Anayetunza insulini kwenye chungu cha udongo chenye mchanga mbichi, njia nzuri sana kwa hewa yetu kavu, achague chumba kinachofungwa na aweke chungu juu ya meza imara, pamoja na mabomba yake ya sindano.

Tena dawa iliyofungiwa vizuri mara nyingi humfikia mtoto katika zile dakika tano inapotumika. Mama amempa mkubwa dawa ya kikohozi, simu imeita, chupa imebaki mezani. Ndiyo maana nawaambia wazazi: kipimo hakijaisha mpaka kisanduku kifungwe. Mtoto mgonjwa asubiri kubembelezwa nusu dakika.

Sasa nirudi kwa mgeni, maana hapa kuna muhali. Mkwe hawezi kupekua mkoba wa mama mkwe wake, na sisemi apekue. Lakini anaweza kulifanya liwe sehemu ya kumkaribisha. Ukishamwamkia, ukampokea mizigo na kumpa maji ya kunywa, mwambie: "Mama, dawa zako naomba nikuwekee pamoja na za kwetu, nitakuwa nakuletea kila saa yake." Wazee wengi hulifurahia hilo, kwa sababu wanajua wanasahau. Anayetaka kukaa nazo mwenyewe mpe ndoano ya juu atundike mkoba, na mweleze wazi kwamba mjukuu ameanza kutia kila kitu mdomoni. Mume naye asaidie. Kuna maneno ambayo mtoto wa kumzaa atamwambia mama yake kwa wepesi kuliko mkwe.

Acheni pia kuwaambia watoto kwamba dawa ni pipi. Najua mtoto analia na hataki kumeza. Mseto wa malaria wa watoto umetiwa utamu ili akubali, na sirapu ni tamu tayari. Tukiongeza na jina la pipi, kesho ataitafuta mwenyewe. Iite "dawa" kwa jina lake. Ingawa neno hilo nalo kwa Kiswahili chetu limebeba mengi: dawa ya presha, dawa ya panya, dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya kupulizia zabibu, dawa ya kuhifadhia mtama. Zisikae rafu moja. Na dawa ya shamba au mafuta ya taa yasimiminwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, kwa sababu mtoto mwenye kiu haoni tofauti.

Ukimkuta mtoto na vidonge mdomoni, vitoe kwa kidole, mfute, msukutue kama ana uwezo. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta ya kula, mayai mabichi wala mkaa wa jikoni. Imani kwamba maziwa hukata sumu imeenea sana, nami nimewaona wazazi waliopoteza muda wakiyatafuta. Hayakati, na mtoto aliyelegea yanaweza kumpalia yakaingia mapafuni. Kama unashuku kidonge cha sukari na mtoto ameanza kulegea lakini bado anameza vizuri, mpe maji ya sukari mkiwa njiani. Aliyepoteza fahamu mlaze ubavu, usimpe chochote mdomoni. Panda bodaboda au bajaji uende kituo cha karibu hata kama anacheka, na uchukue pakiti, kifuko, hata kipande cha karatasi. Tutakuuliza vilikuwa vingapi, vimebaki vingapi na ilikuwa saa ngapi. Tueleze ukweli wote. Wapo wanaoficha kwa kumstahi bibi, na tunatumia saa nzima kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Dawa zilizobaki au zilizopita muda zirudishe kituo cha afya au duka la dawa, uulize watakavyozipokea. Zisiende jalalani, watoto wanachezea huko.

Na siku bibi anaporudi kijijini, kabla hujamsindikiza stendi ya Nanenane, inua godoro alilolalia, kung'uta shuka na mto, fagia chini ya kitanda kwa tochi. Vidonge vya sukari ni vidogo, na macho ya wazee hayavioni vinapodondoka alfajiri.