Gari la maonyesho la kiwandani si gari la oda

Harusini wiki iliyopita ilipita Peugeot 404 iliyopakwa rangi upya, rimu mpya, viti vya ngozi. Mgeni mmoja akawaeleza wenzake kwa uhakika kwamba ile ni "kastomu ya kiwandani ya zamani". Mwaka huu nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, kila mara yakibandikwa gari tofauti, na karibu kila mara si mahali pake.

Anayeyatumia sawasawa humaanisha gari la maonyesho la kiwandani, na maana yake ni fupi. Gari la maonyesho la kiwandani ni gari ambalo kampuni inayounda magari imelitengeneza yenyewe, au imeagiza litengenezwe kwa jina lake, aghalabu moja tu, ili watu walione. Halikuundwa kuuzwa. Yale ya zamani yanayosifiwa zaidi ni ya Marekani, tangu mwaka 1938 hadi miaka ya 1960, na enzi hizo Wamarekani wenyewe waliyaita magari ya ndoto.

Kinachotuvuruga ni hilo neno la Kiingereza, custom. Asili yake ni Kilatini, consuetudo, yaani mazoea, na liliwafikia Waingereza kupitia Kifaransa cha kale. Mtu aliyezoea kununua duka fulani akaitwa customer, na kitu kilichotengenezwa kwa matakwa yake kikaitwa custom. Tozo zilizozoeleka bandarini nazo zikawa customs, yaani forodha. Sisi safari hiyo tunaijua, maana neno "ada" tulilopewa na Kiarabu limepita humohumo: ada ni mila, na ada ni pesa unayolipa shuleni. Lakini angalia kilichomo ndani ya custom: mna mteja. Fundi cherehani angesema nguo ya oda. Kuna mtu amekuja, amepimwa, ametaja kola anayoitaka na ameacha malipo ya awali.

Gari la maonyesho halina mtu huyo. Hilo ni lile gauni ambalo fundi analitundika mlangoni mwa duka. Halikukatwa kwa kipimo cha yeyote; limeshonwa ili mpita njia asimame, aguse kitambaa, aingie ndani kuuliza bei ya kitu kingine.

Nakiri kwamba vitu hivi viwili ni ndugu wa damu. Baba yake Harley Earl, mbunifu wa magari wa Marekani, alikuwa na karakana Los Angeles iliyounda bodi za magari kwa oda, na miongoni mwa wateja wake walikuwamo waigizaji wa sinema. Kijana alikulia humo. Mwaka 1927 General Motors, kampuni kubwa ya magari yenye chapa kama Buick, ikamkabidhi idara mpya ya sanaa na rangi, na ufundi wa oda ukaingia kiwandani pamoja naye. Mwaka 1938 idara yake ikatoa Buick Y-Job: taa za mbele zinazojificha, vioo vya madirisha vinavyopanda kwa umeme, hakuna ubao wa kukanyagia pembeni. Herufi Y ilitokana na ndege za majaribio. Earl aliliendesha mwenyewe kwa miaka mingi, na Buick nyingi zilizofuata zilirithi sura yake, ila Y-Job lenyewe halikuuzwa dukani kamwe.

Baadaye yakaja maonyesho ya Motorama, ambayo General Motors iliyazungusha mijini hadi mwaka 1961. Mara chache kilichotundikwa mlangoni kiliingia dukani. Januari 1953 Corvette, gari la michezo la kampuni hiyo, ilionyeshwa katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, na kufikia tarehe 30 Juni mwaka huohuo kiwanda cha Flint kilikuwa kimeanza kuziunda. Mwaka ule zilitoka 300 tu. Mengi hayakubahatika. Kazi ikiisha, kampuni iliamuru yakatwekatwe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mkusanyaji Joe Bortz alipata manne katika dampo la vyuma la Warhoops, Michigan, baadhi yakiwa vipande. Norseman ya Chrysler, iliyoundwa na mafundi wa karakana ya Ghia huko Turin, Italia, ilizama na meli ya Andrea Doria Julai 1956 kabla umma wa Marekani haujaiona. Ilikuwa moja tu.

Anayetaka kuuona kwa macho mpaka kati ya gari la maonyesho na gari la oda aangalie Lincoln Futura. Ghia waliiunda kwa ajili ya Lincoln, chapa ya kampuni ya Ford, ikaonyeshwa mwaka 1955: hapo ni gari la maonyesho la kiwandani, bila ubishi. Miaka kumi baadaye George Barris, fundi wa California aliyekuja kuimiliki, alipata oda ya gari la Batman kwa ajili ya televisheni. Akaikata, akaichonga upya, akaipaka nyeusi. Bodi ni ileile, lakini safari hii kulikuwa na mteja, basi likawa gari la oda. Mwaka 2013 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4.

Dodge Deora ilikwenda kinyume. Ndugu wawili, Mike na Larry Alexander, waliiunda Detroit kutokana na pikapu ya Dodge A100, ikashinda tuzo ya Ridler, ya magari ya oda, mwaka 1967, kisha kampuni ikaikodi na kuionyesha. Kwa kuwa ilisimama kwenye jukwaa la Dodge, wengi hudhani ilizaliwa Dodge. Ilizaliwa karakana ya mtaani.

Ndiyo maana matatu za Nairobi, zile nganya zinazojengewa bodi juu ya chasisi ya Isuzu kwa matakwa ya mwenye gari, ziko karibu zaidi na karakana ya mzee Earl kuliko Y-Job ilivyo. Ni kazi ya oda, na ya heshima kabisa.

Na ile 404 ya harusini? Iliundwa Ufaransa pamoja na nyingine nyingi zinazofanana nayo, ikauzwa, na miaka mingi baadaye mwenyewe akaipeleka kwa fundi. Ni gari la zamani lililokarabatiwa, lenye viti vya oda. Ukiliita hivyo, mwenyewe atafurahi, maana hata hao mafundi aliowalipa utakuwa umewataja.