Mfanyakazi mwenye ADHD, barua ya onyo na siku 30

Msimu wa watalii ukipamba moto hapa Moshi, migogoro ya kazini nayo huongezeka, na mingi tunayoipokea hapa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, chanzo chake ni kutoelewana kwa maneno. Meneja ametoa maagizo matano kwa mdomo pale mapokezi, mfanyakazi ametekeleza mawili. Kikaoni anamdakia bosi maneno. Ujumbe wa grupu la kazi anausoma, anausahau. Barua inaandikwa: utovu wa nidhamu.

Baadhi ya hawa wana ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu apate shida kudhibiti umakini na kujizuia. Si ugonjwa wa watoto watundu tu: dalili huanza kabla ya miaka 12, na kwa wengi huendelea ukubwani. Kuhangaika kwa mwili hupungua, kusahau na kupotewa na mawazo hubaki. Na ile hoja ya "mbona simu anaishika saa tatu mfululizo?" naomba tuiache kabisa. Mtu huyu huzama kwenye kinachomvutia. Kinachomshinda ni kuuelekeza umakini pale anapotakiwa. Anayethibitisha ni daktari wa afya ya akili, si meneja wala video za mtandaoni. Anzia hospitali ya Mawenzi au KCMC, hapa Moshi.

Ndugu mfanyakazi, ukipewa agizo kwa mdomo, liandike palepale kisha mtumie msimamizi: "Nimeelewa hivi, ni sahihi?" Kikaoni, hoja ikikuchemka, iweke kwenye daftari usubiri zamu yako. Ujumbe uliokuudhi usiujibu papo hapo. Hali yako mweleze msimamizi au afisa rasilimali watu. Grupu zima halihusiki.

Ndugu mwajiri, andika maagizo. Haigharimu kitu. Utendaji ukiwa hafifu, kanuni za mwaka 2007 zinakutaka uchunguze sababu, uelekeze na utoe muda wa kutosha wa kujirekebisha. Kwenye kikao cha nidhamu, mpe maandalizi yasiyopungua saa 48, na aruhusiwe kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Sisemi kila mwenye ADHD ana ulemavu kisheria. Hilo hutegemea ushahidi wa kila shauri.

Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine ni siku 60. Jaza Fomu Na. 1, mpelekee mwajiri nakala, uje na uthibitisho kwamba ameipokea. Wengi huja bila huo uthibitisho, tukawarudisha. Ukichelewa, utaomba kwanza kuongezewa muda, na lazima utoe sababu za msingi. "Nilisahau" peke yake haitakufikisha mbali, hivyo cheti cha daktari kitunze tangu mwanzo. Tarehe ya usuluhishi mpe pia mke, mume au ndugu akukumbushe: mlalamikaji asipofika, msuluhishi anaweza kulitupa lalamiko lake.