Presha inayokuja kwa vipindi, na jini anayesingiziwa

"Huyo anapandisha majini." Ukikaa kwenye kijiwe cha kahawa pale Ng'ambo, Tabora, utaisikia hii. Dada anaanika nguo, ghafla moyo unamwenda mbio, kichwa kinagonga, jasho linamchuruzika, uso unampauka. Robo saa baadaye katulia. Shangazi keshatoa hukumu: apelekwe akasomewe.

Lakini juu ya kila figo kuna tezi ndogo ya adrenali, yenye uzito wa gramu 4 au 5 hivi. Ikiota uvimbe unaomwaga adrenalini, homoni inayokimbiza moyo na kupandisha presha, bila mpangilio, vipindi huwa hivyohivyo. Uvimbe huo huitwa feokromositoma. Ni nadra sana, na wengi ambao moyo unawaenda mbio wana wasiwasi, upungufu wa damu au tezi ya shingo iliyozidisha kazi. Ila kichwa, jasho na moyo vikija pamoja, mwambie daktari. Na presha ipimwe wakati kipindi kinaendelea, maana kikishapita inaweza kusoma vizuri kabisa. Kusomewa dua hakuna ubaya. Ubaya ni kusomewa mwaka mzima bila kupimwa presha.

"Mkojo wangu siuachi kwa watu." Kipimo chenyewe cha feokromositoma ni cha metanefrini, yaani mabaki ya adrenalini, kwenye damu au kwenye mkojo wa saa 24, na huu wa mkojo ndio unaokwamisha wengi. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unaumwaga na kuandika saa. Kuanzia hapo, kila tone liingie kwenye dumu ulilopewa, usiku na mchana, hadi ule wa kwanza wa kesho yake, nao uingie. Ukijisahau mara moja tu ukiwa sokoni, sema ukweli, uanze upya. Dumu likiwa na asidi ndani, usiimwage ukidhani ni uchafu. Wapo wanaokataa kwa kuogopa kurogwa. Mchawi mwenye akili, nadhani, angetafuta kitu chepesi kuliko dumu la lita mbili.

"Uvimbe umeonekana, wakate leo." Hapa haraka inaua. Mwenye feokromositoma huandaliwa kwanza kwa dawa za kulegeza mishipa, kama doksazosini au fenoksibenzamini, kwa kawaida siku 7 hadi 14, pamoja na maji na chumvi ya kutosha. Propranolol ikitangulia peke yake, mishipa hubana zaidi na presha hupaa. Ndiyo maana kuazimana vidonge vya presha na jirani ni hatari. Wala usikubali uvimbe uchomwe sindano kuchukua kinyama kabla metanefrini hazijapimwa.

"Presha ya kijana ni mawazo tu." Mwaka 1955 daktari Jerome Conn wa Marekani alieleza uvimbe wa tezi hiyohiyo ya adrenali unaozidisha aldosteroni, homoni inayozuia chumvi mwilini na kufukuza potasiamu. Siku hizi inajulikana kwamba aldosteroni iliyozidi ipo kwa takriban wagonjwa 5 hadi 10 katika kila 100 wenye presha, na wengi wao potasiamu yao ni ya kawaida. Hugunduliwa kwa kulinganisha aldosteroni na renini, kemikali ya figo inayoiamsha aldosteroni, katika damu. Wengi hawahitaji kisu: tezi zote mbili ndizo zimezidi, na tiba yao ni vidonge kama spironolaktoni.

"Kanenepa, maisha yamemkubali." Uso duara, tumbo kubwa, mikono myembamba, michirizi ya zambarau tumboni: hiyo huenda ni kotisoli nyingi, homoni nyingine ya tezi za adrenali. Kabla ya kutafuta uvimbe, uliza kuhusu deksa (vidonge vya deksamethasoni, dawa inayofanana na kotisoli) za duka la dawa na krimu za kujichubua, kwani dawa hizo huleta sura ileile, tena mara nyingi kuliko uvimbe. Usiziache ghafla, maana tezi zako zimelala kwa kuzizoea. Kama hakuna dawa hizo, daktari anaweza kukupa kidonge cha deksamethasoni miligramu 1 saa 5 usiku, kisha damu ichukuliwe saa 2 asubuhi kuona kama kotisoli imeshuka.

"Ni saratani." Kwa wengi, hapana.

"Imetolewa, nimepona." Uvimbe wa kotisoli ukiondolewa, tezi iliyobaki inaweza kulala kwa miezi, na mgonjwa humeza haidrokotisoni, kidonge cha kuziba pengo la kotisoli, muda wote huo. Akipanda treni kutoka Dar kurudi Tabora, vidonge vikae mfukoni mwake, visiwekwe kwenye mizigo.