Kuandika kuhusu muuaji siyo kumtetea

Jana tunasubiri feri pale Kamanga rafiki yangu kanirudishia kitabu The Fact of a Body cha mwandishi wa Marekani Alex Marzano-Lesnevich, kona za kurasa zimekunjwa, akasema "huyu anamtetea muuaji wa mtoto". Hapana jamani, na wengi wanadhani hivyo, eti ukichanganya kitabuni maisha yako na kesi ya mauaji basi unamhurumia aliyeua. Kiukweli Alex alikuwa anasoma sheria, 2003 akaenda Louisiana kufanya fildi kwa mawakili wanaotetea watu wa adhabu ya kifo, adhabu ambayo yeye anaipinga kabisa, halafu akawekewa video ya Ricky Langley anakiri kumuua mtoto wa miaka 6 na hapo hapo akatamani yule mtu afe, maana na yeye utotoni babu yake mwenyewe alimnajisi. Kitabu, kilichotoka 2017, kinaanzia kwenye huo mshtuko. Huo siyo utetezi.

Na ukikuta nakala yenye jina lingine la mwandishi usishangae, baadaye Alex alijitangaza kuwa transijenda, yaani jinsia anayojitambua nayo siyo ile aliyopewa alipozaliwa. Rafiki yangu akauliza sasa tumwite dada au kaka, nikamwambia sema "yeye", Kiswahili kinatosha.